Tumenunua Nusu ya Jumapili

Jumapili moja ya mwezi Septemba nilikuwa Tunduma, nyumbani kwa mtoto wa marehemu dada yangu. Nilikuwa nimekwenda Mbozi kwa shughuli za kifamilia, na kabla ya kurudi kazini nikaona si vema kupita bila kumsalimia. Wenyeji wangu walinipa kile ambacho siku hizi hupewa mgeni wa heshima: kiti cha mbele na rimoti ya king'amuzi. Nikakaa mbele ya runinga tangu asubuhi hadi saa 4 usiku. Si mazoea yangu. Lakini nilipokuwa narejea Mbeya kesho yake, nikiwa nyuma ya msururu wa malori yasiyo na mwisho, nilitambua kwamba siku ile ilikuwa imenifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote cha sayansi ya siasa.

Tunduma ni mji unaoishi katika saa mbili. Ukivuka barabara na kuingia Nakonde, Zambia, unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Mfanyabiashara wa hapa amezoea kuhesabu mara mbili: kwacha na shilingi, saa yao na saa yetu. Siku ile mimi niliongeza hesabu ya tatu, saa ya London, kwa sababu sehemu kubwa ya Jumapili niliyoitazama Tunduma ilikuwa imepangwa huko.

Tazama ratiba yenyewe. Asubuhi zilikuwa ibada, mahubiri na kwaya. Kila stesheni niliyoifungua ilikuwa na mhubiri wake. Sina ugomvi na ibada. Mimi mwenyewe ni muumini, na wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani wanastahili neno hilo la faraja. Mchana zikaja nyimbo na marudio ya vichekesho. Kuanzia saa 10 jioni ukaja mpira wa Uingereza, mechi moja baada ya nyingine, hadi usiku ukaingia. Baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ambamo viongozi kadhaa walionekana wakikata utepe, wakiagiza na wakishukuru, ikafuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watoto wakasinzia. Siku ikaisha.

Sasa rudi saa 5 asubuhi. Wakati kwaya ikiimba katika sebule ya mpwa wangu, London ilikuwa saa 3 asubuhi. Muda huo, siku ya Jumapili, BBC One huwa na mahojiano ya kisiasa. Tangu mwaka 2022 kipindi hicho kinaendeshwa na Laura Kuenssberg. Nafasi hiyo ilikuwa ya Andrew Marr tangu 2005, na kabla yake David Frost tangu 1993. Waziri hukaa kitini, akaulizwa. Akikwepa, hurudishiwa swali lilelile. Akitaja takwimu, husomewa takwimu nyingine aliyoitoa yeye mwenyewe miezi sita iliyopita. Kiongozi wa upinzani naye hukalia kiti hichohicho na kuchunwa vivyo hivyo. Magazeti ya Jumatatu huanzia hapo.

Nchi hiyohiyo iliyotuuzia mechi ya saa 10 jioni ilikuwa imemaliza, saa chache kabla, kumhoji waziri wake mbele ya umma. Ni Jumapili moja, ni utamaduni mmoja wa utangazaji. Sisi tumenunua nusu yake. Tumechukua burudani ya jioni kwa fedha za kigeni, tukaacha kazi ya asubuhi ambayo haiuzwi na wala haihitaji kununuliwa, kwa kuwa ingegharimu viti viwili, meza moja na moyo wa kuthubutu.

Hilo ndilo shauri langu katika makala hii, na ninalisema bila kuzunguka: Jumapili yetu ya televisheni imeachwa bila saa hata moja ambayo mtawala analazimika kujibu, na upungufu huo si wa bahati mbaya.

Jioni ile mpwa wangu alinichukua hadi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwao. Tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi: madereva wa malori waliokuwa wakisubiri zamu ya kuvuka, vijana wa bodaboda, wabadilisha fedha, mafundi, mwalimu mmoja wa sekondari. Nilipoingia vijana wawili walinipisha, wakaniamkia, kisha wakarudi kwenye mjadala wao.

Nilisikiliza mjadala ule kwa masikio ya mhadhiri, na nakiri ulinipa aibu. Dereva mmoja wa bodaboda alieleza kwa nini kocha alikosea kumtoa kiungo wake wiki iliyopita. Alitaja bei aliyonunuliwa mchezaji, muda wa mkataba wake, na mechi alizokosa kwa majeraha. Mwenzake alimpinga kwa ushahidi: mechi gani, dakika gani. Wa tatu alimtetea mwamuzi kwa kanuni, wala si kwa hisia. Hakuna aliyesema "kocha ni mkubwa wetu, tumwachie". Hakuna aliyesema kwamba kumhoji kocha ni kuichafua klabu. Walimpenda na walimhoji katika pumzi ileile.

Wakati wa mapumziko niliuliza, kwa upole, kama kuna anayejua halmashauri ya mji ilipanga kutumia kiasi gani kwa maji mwaka huu wa fedha. Wakacheka, si kwa dharau. Kijana wa bodaboda akanijibu: "Mwalimu, hayo tutayajulia wapi?"

Wapo wasomi wenzangu watakaosikia kisa hiki na kuhitimisha kwamba vijana wetu wamelewa mpira, kwamba wanawajua wachezaji wa Arsenal kuliko madiwani wao. Hitimisho hilo ni la uvivu, na lina kiburi ndani yake. Kijana yule hana upungufu wa akili wala wa ari ya kuhoji. Kibanda kile ni darasa la uwajibikaji kila Jumapili. Kinachotofautisha kocha wa London na mkurugenzi wa halmashauri ni kwamba wa kwanza ameelekezewa kamera kumi na mikutano miwili ya waandishi kwa wiki, na wa pili hajaelekezewa hata moja. Uamuzi wa mwamuzi hurudiwa polepole, kutoka pembe tatu, hadi unyoya wa kiatu uonekane. Juni 2017 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi, uamuzi uliomgusa mkulima wa Momba na Mbozi moja kwa moja mfukoni, ulirudiwa kutoka pembe gani? Aliupokea kama tangazo. Kama angekuwapo mtu wa kumuuliza mhusika, kwenye runinga, siku ambayo mkulima yuko nyumbani: mlikokotoaje, nani alishauri, gunia lililokwisha nunuliwa litakwenda wapi? Huenda serikali ilikuwa na majibu mazuri. Hatukuyasikia kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuuliza.

Sasa nitapinga dhana moja iliyozoeleka, kwamba kuwahoji wakubwa hadharani ni mila ya Wazungu isiyotufaa. Historia yetu wenyewe inaikanusha.

Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, wagombea wanne wa urais, Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja katika mdahalo jijini Dar es Salaam na Watanzania wakawatazama. Televisheni Bara ilikuwa changa mno. Stesheni za kwanza za binafsi zilikuwa na mwaka mmoja tu. Wenzetu Wakenya, ambao leo tunawasifu kwa midahalo yao, waliwakutanisha wagombea wao wa urais mbele ya kamera kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Tuliwatangulia kwa miaka 18. Tulianza vema, kisha tukaacha.

Februari 2008, ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa Richmond ilisomwa bungeni na mwenyekiti wake, Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Nchi ilisimama. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Novemba 2014 likaja sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, na nakumbuka wanafunzi wangu wakijazana kwenye ukumbi wa chakula hadi usiku wa manane kutazama Bunge kama vile ni fainali. Kabla mwaka haujaisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alikuwa amejiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka ametenguliwa. Januari 2015 akafuata Waziri Sospeter Muhongo. Nani bado anasema Watanzania hawapendi kutazama siasa? Wanazipenda pale zinapokuwa na swali la kweli na jibu lisilojulikana mapema, sawasawa na mpira.

Mwaka 2010, TBC yenyewe ilithubutu. Kipindi chake cha Mchakato Majimboni kilikwenda kwenye majimbo, kikawaweka wagombea ubunge mbele ya wapiga kura wao na kuwaacha wananchi waulize. Chama tawala kikawazuia wagombea wake kushiriki. Fikiria maana ya katazo lile: chama kilichokuwa na uhakika wa ushindi katika majimbo mengi hakikuwa na uhakika wa saa moja ya maswali.

Kisha ikaja Januari 2016. Serikali, kwa kauli ya Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ililiambia Bunge kwamba TBC haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote kama ilivyozoeleka. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa gharama, kiasi cha shilingi bilioni nne kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, na siku ile polisi waliingia ukumbini. Wananchi wakaandaliwa kipindi cha usiku, Leo katika Bunge, kilichokwisha haririwa. Ikatolewa pia sababu ya pili, ambayo naomba uishike vizuri, ndugu msomaji: kwamba saa za Bunge ni saa za kazi, na watu hawapaswi kukaa mbele ya runinga badala ya kuzalisha mali.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka huohuo wa 2016, ukamegwa kutoka Mbeya. Mkoa huu na uamuzi ule wana umri mmoja. Watoto waliozaliwa Tunduma mwaka ule sasa wanasoma shule ya msingi.

Nimekuomba uishike ile sababu ya pili kwa kuwa inajifunga yenyewe. Kama kosa la Bunge la moja kwa moja lilikuwa ni kuwatoa watu kazini, basi Jumapili haina kosa hilo. Jumapili ofisi zimefungwa, mashamba yamepumzika, kibanda umiza kimejaa. Waziri hayuko kwenye kikao, mkuu wa mkoa hana ziara, mkurugenzi hana mafaili. Ni siku pekee ambayo mtawala na mtawaliwa wote wana nafasi. Mtetezi wa uamuzi wa 2016 anayeamini hoja yake mwenyewe angepaswa kuwa wa kwanza kudai saa ya maswali ya Jumapili. Sijamsikia.

Yapo majibu ambayo najua nitapewa, na ni haki niyajibu.

La kwanza: Jumapili ni ya Mungu na ya kupumzika. Nakubali. Waingereza nao walikubali, tena kwa utaratibu rasmi: kwa miongo kadhaa sehemu ya jioni ya Jumapili ilitengwa kwa vipindi vya dini, na kipindi cha nyimbo za ibada cha Songs of Praise kiko BBC tangu mwaka 1961. Ibada haikuyafukuza mahojiano, wala mahojiano hayakuifukuza ibada. Tena mfano huo unanisaidia mimi: unaonyesha kwamba jamii inaweza kuamua, kwa kanuni, kwamba saa fulani ya siku fulani ni ya jambo fulani, na biashara ikaheshimu.

La pili: gharama. Bilioni nne zilikuwa za kurusha vikao vya Bunge kwa miezi. Saa moja kwa wiki ni hesabu nyingine kabisa. Na tusisahau nani analipa. Mwananchi wa Tunduma hulipia king'amuzi chake kila mwezi ili aone mpira. TBC huilipia kwa kodi, atake asitake, aitazame asiitazame. Mtu anayelipia kitu kwa lazima ana haki ya kukiuliza kinamfanyia nini. Aidha, Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Ibara hiyo haikuandikwa "bajeti ikiruhusu".

La tatu: vipindi vya mahojiano tayari vipo. Ni kweli, na wanaovitengeneza wanastahili heshima. ITV imekuwa na Dakika 45, Kipima Joto na Malumbano ya Hoja; wengine wana vyao. Lakini hizo ni juhudi za kampuni binafsi, na kampuni binafsi ina leseni ya kuilinda. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilizitoza faini stesheni tano, kwa jumla ya shilingi milioni 60, kwa kurusha habari kuhusu tamko la kituo cha haki za binadamu lililogusa uchaguzi mdogo wa madiwani. Baada ya hapo mhariri wa stesheni binafsi anapopima swali gumu, hupima pia faini. Siwezi kumlaumu kwa kutokuwa shujaa kila wiki. Ndiyo maana wajibu huu ni wa chombo cha umma kwanza: hakiogopi kupoteza matangazo ya biashara, na kinapokosea kinakosea kwa niaba yetu sote.

La nne, linalosemwa kwa sauti ya chini: kumhoji kiongozi hadharani ni kumvunjia heshima. Hapa kuna kisa cha Uingereza kinachofaa kusimuliwa. Oktoba 1989, siku chache baada ya Waziri wa Fedha Nigel Lawson kujiuzulu, Margaret Thatcher alikwenda kuhojiwa Jumapili na Brian Walden, katika ITV ya kwao, si hii ya kwetu. Walden hakuwa adui yake. Aliwahi kuwa mbunge wa chama cha Labour, lakini alikuwa miongoni mwa watangazaji waliomthamini Thatcher waziwazi. Hata hivyo alimuuliza, akamrudia, akamrudia tena, kama Lawson angebaki endapo mshauri aliyekuwa akigombana naye angeondolewa. Waziri Mkuu hakuwa na jibu lililotosha, na nchi iliona hivyo. Sisemi mahojiano yale ndiyo yaliyomwondoa madarakani mwaka uliofuata. Mambo mengi yalichangia. Ninachosema ni kwamba aliyemuuliza alikuwa mtu anayemheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyomfanya amuulize kama mtu mzima anayeweza kujibu. Katika mila zetu pia, mzee anayeitwa barazani kueleza jambo hajadharauliwa. Anayedharauliwa ni yule ambaye hakuna anayejisumbua kumuuliza.

Sidai kwamba Uingereza ni pepo. Wao wenyewe hulalamika kwamba wanasiasa wao wamejifunza kuzungumza dakika kumi bila kusema neno, na BBC hushambuliwa na kushoto na kulia kwa upendeleo. Wala sidai kwamba jirani yetu amefika. Ng'ambo ya mpaka ZNBC nayo imelaumiwa kwa miaka mingi na kila chama kilichokuwa upinzani, na kila chama kilichoingia madarakani kimeisahau lawama yake. Ugonjwa ni wa ukanda mzima. Lakini mgonjwa haambiwi asitafute dawa kwa sababu jirani naye ni mgonjwa.

Basi ninadai nini? Mambo matatu, na yote yanawezekana.

Kwanza, TBC itenge saa moja kila Jumapili, saa 8 hadi saa 9 mchana, baada ya ibada na kabla ya mpira. Iwe moja kwa moja, bila kuhaririwa, na irushwe pia na TBC Taifa kwa ajili ya wasio na runinga, ambao huko Ileje na bonde la Rukwa bado ni wengi. Wiki moja aketi waziri. Wiki nyingine kiongozi wa upinzani. Nyingine mkuu wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri. Na kipindi kihame. Kikifungwa Dar es Salaam na Dodoma kitageuka kuwa mazungumzo ya watu wanaofahamiana. Kije Tunduma, kwenye ukumbi wowote, mkuu wa mkoa akae mbele ya madereva wa malori. Kituo cha huduma za pamoja cha mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019 na marais wawili, John Magufuli na Edgar Lungu, kwa ahadi ya kupunguza muda wa kuvuka. Watu wanaojua kama ahadi ile imetimia hawako studio Dar es Salaam. Wamelala chini ya malori yao.

Pili, saa hiyo iwekwe katika sheria inayoiongoza TBC, isitegemee hisani ya mkurugenzi wala ujasiri wa mtangazaji. Historia ya 2010 inatufundisha kwamba kipindi kinachosimama juu ya ujasiri wa mtu mmoja huondoka naye. Na atakayekataa mwaliko, kiti chake kionyeshwe kikiwa kitupu, maswali yasomwe.

Tatu, anayeuliza alindwe. Mwananchi aliyeuliza swali kwa adabu Jumapili asiitwe ofisini Jumatatu. Bila hili, mawili ya kwanza ni mapambo.

Kwa ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, na najua mpo, kwa sababu mnaniandikia faragha: wengi wenu mnatamani kipindi hiki kuliko hata wanaharakati. Mnajua mradi gani umekwama na kwa nini, na mmechoka kubeba lawama za maamuzi ambayo hamkuyafanya. Swali la hadharani humlinda mtumishi mwadilifu. Asiyelitaka ni yule anayetegemea kwamba faili halitafunguliwa. Kwa wanaharakati: tumetumia miaka mingi kujadili uhuru wa habari katika kumbi za hoteli, sisi kwa sisi. Tupunguze warsha moja, tudai saa moja. Dai dogo lenye saa na siku yake ni gumu kulikwepa kuliko dai kubwa lisilo na tarehe. Kwa wanafunzi wangu: kabla hamjamcheka kijana wa kibanda umiza, jiulizeni ni lini mlisoma bajeti ya halmashauri mnayotoka. Mimi nilijiuliza siku ile, na sikupenda jibu.

Mechi ya mwisho ilipokwisha, tulitoka nje pamoja. Upande wa Nakonde saa ilikuwa moja nyuma na taa zilikuwa zimewashwa. Upande wetu foleni haikuwa imesogea. Yule kijana wa bodaboda alinifuata, bado akiwa na lile swali langu kichwani.

"Mwalimu," akasema, "tuseme wangekuja kweli. Mimi ningeuliza hivi: bomba la mtaani kwetu lilichimbwa, likafukiwa, halijatoa maji. Waliolichimba walilipwa?"

Niliwahi kukaa katika mikutano mingi ya kitaaluma kuhusu usimamizi wa fedha za umma. Sikumbuki swali lililokuwa fupi na kamili kuliko lile. Lina mradi, lina matokeo, lina malipo, na limeulizwa na mlipa kodi. Lilichokosa ni mtu wa kulijibu na kamera ya kumtazama akijibu.

Nikamwambia sijui. Akaniaga kwa heshima, akawasha pikipiki yake, akaenda kutafuta abiria. Nyumbani tamthilia ilikuwa imeshaanza.

Saa 8 mchana, siku ya Jumapili. Nimekagua ratiba: nafasi hiyo ina marudio ya vichekesho. Inaweza kuachwa wazi wiki ijayo bila mtu yeyote kuumia.